Waifai ya watu wa juu: kisa cha nyumba moja ya mawe Mkomani

"Mwanangu, hii waifai ni ya watu wa yuu tu. Sisi wa tini tumekosani?"

Ndivyo alivyonipokea bibi mwenye nyumba, kabla hata sijavua viatu. Nyumba yake iko Mkomani, ndani kabisa ya mji wa kale wa Lamu, kwenye usita ambao punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Ni nyumba ya ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Darini, chini ya paa la makuti, wajukuu wametengeneza vyumba viwili vya wageni. Ghorofa ya kati anakaa mwanawe na familia yake. Bibi mwenyewe, kwa ajili ya magoti, amehamia chini katika chumba cha ndani, na ngazi amewaachia wenye nguvu.

Malalamiko yalikuwa matatu. Bibi akizungumza kwa video na bintiye aliye ng'ambo, picha huganda, sauti ikabaki inakatakata. Mjukuu anayefanya kazi ya hesabu kwa mtandao, mwenye meza yake katika chumba cha chini ng'ambo ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hupanda darini na kompyuta yake kila anapotaka kutuma faili kubwa. Na umeme ukikatika, hata wageni wa juu hukosa, ingawa darini kuna sola na betri.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hapakuwa na kifaa kibovu hata kimoja. Sahani ya setilaiti ilikuwa nzima, na ruta yake nzima. Juu yake walikuwa wameongeza seti mpya ya meshi, yaani vituo vya waifai vinavyopokezana mtandao, vitatu kwa jumla, nayo haina kasoro. Muuzaji aliwaambia inatosha nyumba kubwa kuliko hiyo. Kwa mita za mraba alisema kweli.

Nyumba inavyofanya kazi

Anayetaka kupanga waifai katika nyumba ya Lamu aanze na ukuta. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita, pengine zaidi. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi na hunywa maji. Wakati wa masika ukuta huwa na unyevu ndani hata kama nje umekauka, na maji ni adui wa mawimbi ya redio. Sakafu za juu nazo si mbao: ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe, juu yake chokaa. Kila dari ni kama ukuta mwingine uliolazwa.

Boriti ndizo zilizoamua umbo la vyumba. Urefu wa boriti nzuri una kikomo, kwa hiyo upana wa chumba cha Kiamu hauzidi mita tatu hivi, ila urefu wake waweza kwenda mbali. Vyumba vinapangwa kimoja nyuma ya kingine, sambamba: unatoka kiwanda unaingia msana wa tini, ukumbi mrefu wa kwanza, nyuma yake msana wa yuu, ghorofa ile ile, nyuma yake ndani, chumba cha mwisho. Mtu akisimama kiwanda akatazama mbele yake, mpaka mwisho wa nyumba hazifiki hata mita kumi na mbili. Lakini wimbi la redio linapofika huko limeshapita kuta mbili au tatu. Kwa hiyo katika nyumba hizi mimi sihesabu mita. Nahesabu kuta.

Habari njema ni kiwanda. Kile kitundu kilicho wazi kuelekea mbinguni, kilichowekwa kuleta mwanga na upepo, hupitisha redio kama kinavyopitisha upepo. Na misana kwa desturi hufunguka upande wa kiwanda. Nikifika kwenye nyumba ya mawe huwauliza wenyewe swali moja ambalo huwashangaza: upepo unaingia wapi, unatokea wapi? Jibu lao ndilo ramani yangu ya kwanza.

Jambo jingine: tangu Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ifungue huduma Kenya, Julai 2023, sahani zimeota kwenye madari ya Lamu. Hii imegeuza mambo juu chini. Penye waya wa barabarani mtandao huingia mlangoni ukapanda. Hapa unatoka juu, penye anga wazi, na lazima ushuke. Watu wa makutini wananeemeka, wazee wa chini wanabaki na makombo. Bibi hakukosea hata neno.

Nilichopima

Nilianza bila kugusa kitu. Nina programu ya bure kwenye simu inayoonyesha nguvu ya wimbi kwa dBm. Namba hizo ni hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo wimbi lilivyo na nguvu. Kwa uzoefu wa kazi: hasi 50 ni raha, hasi 67 simu ya video bado inapita, hasi 75 ni mashaka, na ukifika hasi 85 unaona jina la mtandao tu, kama kuona jahazi kwenye upeo wa macho.

Darini, karibu na kituo kikuu, nilipata hasi 41 na kasi ya megabiti 120 kwa sekunde. Msana wa ghorofa ya kati, hasi 63 na megabiti 48. Nikaingia ndani ya ghorofa hiyo hiyo: hasi 79, megabiti 6. Nikafanya jaribio moja ninalolipenda. Kituo nilikiweka msanani, nikasimama upande wake wa ukuta, nikapima: hasi 48. Nikazunguka upande wa pili wa ukuta huo huo, mlango umefungwa: hasi 71. Ukuta mmoja umekula desibeli 23. Ukikumbuka kwamba kila desibeli 10 hubakisha sehemu moja ya kumi, basi upande wa pili ilifika karibu sehemu moja ya mia mbili ya nguvu iliyokuwa upande wa kwanza. Nikafungua mlango, nikasimama mkabala nao: hasi 54. Mlango mmoja wa mbao ulikuwa na thamani kuliko antena yoyote ambayo ningeweza kuwauzia.

Hayo ni ya gigahezi 5, bendi yenye kasi. Gigahezi 2.4 ilipenya vizuri zaidi, kama kawaida yake, lakini kasi yake ni ndogo.

Kisha nikashuka kwa bibi. Kituo cha tatu nilikikuta kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea mapambo, katikati ya sahani mbili za kaure za maua ya bluu, kimepangwa vizuri hata nikaona haya kukitoa. Simu ya bibi ilionyesha hasi 40, pau zote zimejaa. Kasi: megabiti 0.9.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo wajukuu walipopotea. Pau za simu zinakuambia jinsi simu inavyokisikia kituo kilicho karibu. Hazikuambii kituo hicho kinamsikiaje mwenzake. Bibi alikuwa anaongea vizuri sana na kidaka. Kidaka ndicho kilichokuwa hakisikii.

Kwa nini meshi ilishindwa

Meshi ni vituo kadhaa vinavyotumia jina moja na paswadi moja, na vinavyopokezana data mpaka ifike kwenye ruta kuu. Uzuri wake ni kwamba unatembea nyumba nzima bila kubadilisha mtandao. Ubaya wake, usipovuta waya, ni kwamba njia ya kupokezana ni hewa ile ile inayotumiwa na simu zenu. Rudi kwenye usita wa punda wawili. Kituo cha katikati kikiwa na redio moja kwa bendi hiyo, hakiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja: mzigo uje, usimame, kisha uende. Kila kiungo cha namna hiyo hukata kasi karibu nusu, hata kama mawimbi ni safi. Viungo viwili, umebaki na robo. Na hapa mawimbi hayakuwa safi.

Kituo cha pili walikiweka ndani ya ghorofa ya kati, kwa sababu huko ndiko watoto walikolalamika. Cha tatu kwa bibi, kwa sababu huko ndiko bibi alikolalamika. Waliambiwa na muuzaji: weka kituo pale mtandao ulipo dhaifu. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi na ni wa kupoteza watu. Kituo hakizalishi mtandao. Hupokea na kupitisha. Ukikiweka penye njaa kitagawa njaa. Mahali pake ni pale mawimbi bado yana nguvu, kabla ya ukuta unaotaka kuuvuka, kikitazama uwazi unaoelekea kwenye shida.

Na kidaka, kwa uzuri wake wote, ni shimo ndani ya tumbawe: jiwe nyuma, kushoto, kulia, juu na chini. Kituo kilikuwa kinatazama upande mmoja tu, nao ni upande wa kitanda.

Siku ile ile nilijaribu tiba ya bure. Cha pili nikakiweka ukingoni mwa msana wa kati, kinatazama kiwanda. Cha tatu nikakitoa kidakani nikakiweka msana wa chini, kinakiona cha pili kwa mshazari kupitia kiwanda. Kasi kwa bibi, mlango wa ndani ukiwa wazi, ilipanda hadi megabiti 17. Simu ya video ilipita. Bibi akataka tuishie hapo.

Mjukuu hakutaka, na nilikuwa upande wake. Mlango wa chumba cha mama mzima haukai wazi usiku kucha kwa ajili ya waifai. Na tatizo la umeme lilikuwa halijaguswa: kituo cha kati kikizimika, cha chini kinakuwa yatima.

Tulichofikiria kabla ya waya

Wazo la mwanawe lilikuwa kuongeza vituo viwili. Nikamwonyesha hesabu ya punda, akaelewa haraka kuliko nilivyotarajia. Kuongeza kituo kwenye mnyororo ni kuongeza kusimama njiani.

Wazo la pili lilitoka kwa mjukuu: vile vifaa vya kupitisha data kwenye nyaya za umeme. Ninavyo viwili vya majaribio, tukavichomeka. Kutoka chumba kimoja hadi kingine cha ghorofa hiyo hiyo vilifanya kazi ya kuridhisha. Kutoka darini hadi chini vilikataa kabisa, kwa sababu darini kuna mita yake ya umeme na nyaya zake, na data haikuwa na njia nzuri ya kuvuka. Nyumba zetu zimeongezewa umeme vipande vipande, kila kizazi na fundi wake. Sikushangaa.

Mwanawe pia aliuliza kuhusu Wi-Fi 7, kizazi kipya cha waifai, ameiona mtandaoni. Nilimwambia ukweli: bendi mpya ya gigahezi 6 inazidi kushindwa na kuta kadiri inavyozidi kwa kasi. Angelipa ghali ili apate mtandao mtamu zaidi katika chumba kile kile ambacho tayari ni kitamu. Wi-Fi 6 inatosha nyumba hii kwa miaka.

Likabaki moja: waya kwa kila kituo. Hapo ndipo seti yao ilipotukwamisha. Nilipovigeuza vituo viwili vidogo, nyuma havikuwa na hata tundu moja la kebo. Ni tundu la umeme tu. Kituo kikuu peke yake ndicho chenye matundu. Hili ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu atazame kabla ya kutoa pesa, kabla ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi, kabla ya idadi ya antena: geuza kila kituo, si kikuu peke yake, uone kama kina mahali pa kuchomeka kebo. Kama hakina, umenunua meshi ambayo haitaweza kamwe kusaidiwa na waya.

Muuzaji alikataa kuichukua. Seti ikaenda Malindi kwa binamu yao, mwenye nyumba isiyo na ghorofa, kuta za matofali ya saruji, dari ya jipsamu, milango mikubwa. Alinipigia simu kunishukuru kana kwamba nimemtumia dhahabu. Vituo vile vile, vitatu vile vile. Huko nyumba nzima inapata.

Tulichonunua

Badala ya seti ya dukani tulichukua vituo vya kubandika kwenye dari ya chumba, vile vinavyoonekana kama sahani nyeupe kwenye hoteli. Vitatu vya waya na kimoja cha ziada, vyote vya kampuni moja ili visimamiwe pamoja, kisha ruta ndogo na swichi. Swichi hapa si ya taa. Ni kisanduku cha kugawa kebo. Sababu kubwa ya kuchagua aina hii ilikuwa PoE: umeme unapita ndani ya kebo ile ile ya data. Swichi ya PoE ya kawaida hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na vituo vyetu havikuhitaji kufika huko. Maana yake ni kwamba nikiipa swichi umeme wa sola darini, vituo vyote vya waya, hadi cha chini, vinarusha waifai hata taa zikizimika. Tatizo la tatu limetatuliwa bila betri ya ziada.

Neno moja kuhusu kebo, kwa sababu hapa ndipo watu huibiwa. Madukani kuna kebo ya mtandao ya Cat6 ya bei ya kutupa ambayo si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba. Inabeba data kwa shida na umeme wa PoE kwa shida zaidi, hupata joto, na ukiikunja mara mbili tatu inavunjika. Kuitambua ni rahisi: kwaruza waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Pia pima boksi kwa mkono. Shaba ni nzito. Nilinunua ya shaba tupu, yenye ganda jeusi la nje linalostahimili jua, kwa kuwa njia yetu ni kiwandani, penye jua la mchana na mvua ya masika.

Siku ya kebo

Sikutoboa tundu jipya hata moja kwenye ukuta wa zamani. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko kwenye majengo yake yana utaratibu wake wa ruhusa. Lakini hata pasingekuwa na orodha, tumbawe si la kuchezewa na drili kubwa: linamomonyoka, lipu ya chokaa inaachia kipande cha ukubwa wa sinia, na ukikutana na nakshi umeharibu kitu ambacho mafundi wa kukirudisha wanahesabika.

Kebo zikashuka kiwandani, kwenye pembe ambayo tayari ilikuwa na bomba la maji ya mvua. Tulizifunga kwenye bomba. Ghorofa ya kati kebo iliingia juu ya uwazi wa msana, ikafuata boriti, ikafungwa kwa kamba nyembamba, hakuna msumari. Kuingia ndani kwa bibi palikuwa na tundu la bomba kuukuu lililokatwa zamani karibu na birika la chooni. Tukalitumia hilo. Kabla ya kila tundu niliacha kebo ishuke kidogo chini ya usawa kisha ipande, ili maji ya mvua yadondoke kwenye mkunjo yasifuate kebo hadi kwenye kifaa. Kebo tatu kwa jumla zilikula mita 70 na kidogo, mbali sana na kikomo cha mita 100 kwa kila moja.

Kituo cha darini kilikaa chini ya makuti. Makuti makavu hayazuii redio kitu. Cha kati kilikaa msanani, kwenye boriti iliyo karibu zaidi na kiwanda. Cha chini kikaingia ndani kwenyewe, juu ya mlango, kikitazama kitanda na kidaka. Sahani za kaure zikarudi mahali pake.

Cha nne ndicho pekee kilichobaki bila waya wa data. Kilikwenda kwenye chumba cha mjukuu ng'ambo ya kiwanda, dirishani, kikikiona cha kati kupitia hewa tupu, mita 9 hivi. Kilipata hasi 52 kwa gigahezi 5. Hivi ndivyo meshi ya hewa inavyostahili kutumika: kiungo kimoja, hewa wazi, hakuna ukuta.

Mipangilio

Kosa la kwanza nililolikuta kwenye mipangilio ya zamani lilikuwa ruta mbili zinazogawia vifaa anwani za mtandao. Ruta ya sahani ilikuwa inagawa, na kituo kikuu cha meshi nacho kinagawa, kila kimoja na waifai yake. Ndiyo maana printa ya mjukuu ilikuwa inaonekana leo na kupotea kesho: kompyuta ilikuwa nyumba hii, printa nyumba ile. Ruta ya sahani niliiweka ipitishe tu, isigawe wala isirushe waifai. Ruta mpya ikabaki mkuu peke yake.

Jina moja la mtandao kwa nyumba, jina jingine kwa wageni. La wageni limetengwa: linafika intaneti tu, halioni printa wala simu za familia, na lina kikomo cha kasi ili mgeni mmoja mwenye filamu asiinyonge nyumba.

Chaneli: kwa gigahezi 2.4 nilitumia 1, 6 na 11, kila kituo cha waya na yake, upana wa megahezi 20. Mjini Nairobi, katika ghorofa za kupanga, hapo ndipo vita vikali vilipo, majirani thelathini wanagombea chaneli tatu. Mkomani nilihesabu mitandao miwili ya majirani, dhaifu yote. Ukuta ule ule unaotutesa unatulinda. Kwa gigahezi 5 nilibaki 36 hadi 48. Chaneli za kuanzia 52 kwenda juu hadi 144 zina sharti la kuwapisha wenye rada: kituo kikihisi rada lazima kihame. Cha mjukuu kinachotegemea hewa kingekatika kila mara kitu kama hicho kinapotokea.

Kisha nikapunguza nguvu ya vituo. Mwanawe alishangaa: tumelipa pesa halafu unapunguza? Lakini anayeamua simu ishike kituo kipi ni simu yenyewe, na simu huwa na tabia ya kung'ang'ania rafiki wa kwanza. Kituo cha darini kikipiga kelele sana, simu iliyoamka darini itabaki nacho mpaka jikoni, kwa hasi 80, na kituo kizuri kipo mita 3 mbele yake. Gigahezi 2.4 niliishusha hadi ya chini kabisa, ya 5 nikaiacha ya kati. Msaada wa kuhama haraka niliuwasha, nikauzima baada ya saa moja: simu kuukuu ya bibi ilikataa kuunganika kabisa. Hiyo simu ndiyo niliyoitiwa, siyo nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo usalama wa paswadi ukabaki wa kiwango cha zamani, WPA2.

Jioni hiyo kwa bibi, mlango umefungwa: megabiti 95. Kwa mjukuu: 60. Bibi alimpigia bintiye, akamwonyesha kebo nyeusi pembeni mwa kiwanda kwa fahari, kana kwamba ni mapambo ya harusi.

Baada ya hapo

Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza, baada ya wiki sita, ghorofa ya kati ilikuwa imeshuka ghafla hadi megabiti 94, haipiti hapo. Namba hiyo ikiganda hapo, fundi hujua bila kupanda ngazi: kebo imeshuka kutoka gigabiti hadi megabiti 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, 100 inatosheka na mbili. Kichwa cha kebo kilichokuwa karibu na kiwanda kilikuwa kimeota ukijani kwenye meno mawili. Ni chumvi ya bahari, na lilikuwa kosa langu: vichwa vya darini nilivipaka grisi ya umeme, hicho nilikisahau kwa sababu kiko chini ya paa. Lamu hakuna chini ya paa kwa chumvi.

Mara ya pili niliitwa kwa sababu waifai ilikuwa inazimika yote, kila alasiri, kwa dakika chache. Nilikaa darini saa mbili nikisubiri. Saa tisa na nusu akaja paka, akapanda rafu, akajilaza juu ya swichi ya PoE, yenye joto zuri, na mguu wake wa nyuma ukasukuma plagi ya umeme iliyokuwa imelegea. Nilibadilisha soketi, nikaiweka swichi kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa. Paka sasa analala juu ya kisanduku.

Limebaki daka, ile baraza ya mbele ya mlango mkuu. Wazee wanaokaa barazani jioni wameshajua kwamba nyumba ina mtandao, na mmoja alinivuta kando akaniuliza kama naweza kuongeza kituo cha tano pale nje. Nilipima. Mlango mkuu ukiwa wazi, kituo cha kati kinafika hadi dakani kwa hasi 66, wanasoma habari vizuri tu. Ukifungwa hakuna kitu. Nilimweleza bibi, nikamwambia kazi hiyo ni ya nusu siku.

"Wacha hivyo hivyo," akasema. Tangu siku hiyo, mjukuu ananiambia, magharibi ikikaribia bibi huamuru mlango ufungwe mapema kidogo.